Nywele Zake Zilianguka, Nami Nikamwambia Afunge



Mwezi huu sitaanza na fundisho. Nitaanza na kosa langu. Mdogo wangu amenipa ruhusa ya kuliandika. Ni yeye mwenyewe aliyesema: “Yaya, andika. Kuko bengine banaficha kichwa sawa mimi.” Jina lake sitaliweka hapa. Ninaomba usome polepole, hata kama katika jamaa yako hakuna mtu aliyepasuliwa tumbo. Utaona mbele kwamba neno hili linagusa sufuria ya kila nyumba.

Kitambaa ndani ya nyumba

Mdogo wangu anaishi Ubelgiji tangu miaka mingi. Kazi yake ni kuosha na kulisha wazee. Mwaka 2023, mwezi wa saba, alikuja kututembelea hapa Likasi. Wakati ule ni kipwa, asubuhi kuna baridi na kila mtu anavaa koti. Kwa hiyo siku za kwanza hakuna aliyeshangaa kumwona na kitambaa kichwani. Lakini jua lilipanda, sisi tukavua makoti, yeye hakuvua kitambaa. Usiku alilala nacho.

Tena mwili ulikuwa umepungua. Picha za mwaka uliopita zilionyesha mama mnene kabisa. Alikuwa na kilo 128, na urefu wake ni metre 1 na sentimetre 63. Sasa alikuwa na kilo 95, na ngozi ya mikono ililegea. Sisi tuliokomalia mu kambi ya wafanyakazi wa mine tunajua vile watu wanavyopimana. Mtu akiwa mnene, wanasema pesa iko. Akikonda, wanaanza kuhesabu magonjwa.

Jumapili ya pili nilisikia maneno kwenye mlango wa kanisa. Mama mmoja alisema: “Ule mutoto alirudia na ugonjwa ya Bulaya.” Mwingine akajibu: “Haina ugonjwa. Ni mambo ya mu jamaa yabo.” Maana yake uchawi. Mimi mchungaji nilipita katikati yao, nikasalimia, nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jioni ile Mama Pasta alimkuta chumbani, ameketi juu ya kitanda, kitambaa kiko magotini na chanuo mkononi. Chanuo lilijaa nywele. Mbele ya kichwa na kwenye utosi ngozi ilionekana. Mama Pasta akaniita. Mdogo wangu hakujificha tena. Akasema: “Yaya, nywele inatoka paka vile ninaigusa. Kila asubuhi ku mto ni nywele. Nitabakia kipara.”

Ndipo akatufungulia siri yake. Mwezi wa pili wa mwaka ule alipasuliwa kule Ubelgiji ili uzito upungue. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na tansio, na magoti yalikataa kupanda ngazi za nyumba za wazee wake. Waganga walimfuata miezi mingi mbele ya kumpasua, kisha wakamkata kifuko cha chakula. Nilimwuliza sababu gani alituficha. Akajibu neno ambalo mpaka leo linanichoma: “Mutasema nini, Yaya? Ninyi munatafuta cha kula, mimi ninapasuliwa juu nisikule.”

Siku tatu za kufunga

Ndugu msomaji, pale ningepaswa kumwuliza swali moja tu: waganga wako walikuagiza kula nini? Sikuuliza. Kwenye shule ya Biblia nilijifunza mambo mengi mema, lakini kichwani mwangu kulikuwa mazoea: shida ikikawia, tunafunga. Nikamwambia: “Mudogo wangu, kitu hiki tutakishinda kwa maombi. Tufunge siku tatu, wewe na mimi na Mama Pasta.”

Alinitazama kidogo. Akasema: “Yaya, kule baliniambia nisiachake kula.”

Nikajibu vibaya. Nilisema: “Kule ni kule. Hapa tuko na Mungu.”

Kwa kuwa mimi ni yaya wake, tena mchungaji wa nyumba aliyolala, alitii. Siku ya kwanza tulikaa bila chakula na bila maji. Siku ya pili jioni tulikuwa tunaimba. Alisimama ili atoke inje, akaanguka karibu na mlango. Mikono yake ilikuwa baridi na jasho lilimtoka. Jirani mwenye gari akatupeleka kwenye kituo cha afya.

Munganga aliyekuwa kazini ni mtu mtulivu. Aliuliza: “Baba Pasta, huyu mama alikula nini tangu juzi?”

“Hakukula. Tuko mu maombi ya kufunga.”

“Alipasuliwaka?”

“Ndiyo. Kifuko cha chakula.”

“Nani alimwambia afunge?”

Nilitamani kusema “ni Roho”. Lakini nilisema kweli: “Ni mimi.”

Hakunigombeza. Alifanya haraka. Mbele ya kumtia serumu ya sukari, alimpiga sindano ya vitamini B1. Kesho yake nilimwuliza sababu. Alinieleza kwamba mtu aliyepasuliwa namna ile, akikaa bila kula ao akitapika siku nyingi, vitamini B1 inaweza kumwishia mwilini. Ukimpa sukari nyingi bila hiyo vitamini, ubongo wake unaweza kuumia. Fikiri, ndugu yangu. Nilikuwa natafuta nywele zirudi, kumbe nilikuwa naweka maisha yake hatarini.

Unga ao rido?

Kesho yake mdogo wangu alikuwa ameketi, anakunywa uji mwepesi kwa kijiko. Munganga alichukua karatasi, akachora. Operasio aliyofanyiwa inaondoa karibu sehemu nne katika tano za kifuko cha chakula. Kinachobaki ni kama mrija wenye umbo la ndizi. Kuna operasio nyingine ambayo wanatengeneza kifuko kidogo sana upande wa juu na kukiunga na utumbo chini zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Ile ilianzia Marekani, katika Iowa, mwaka 1966, kwa kazi ya munganga Edward Mason na mwenzake Chikao Ito. Zote mbili zimesaidia watu wengi ambao unene ulikuwa unawaua polepole, zaidi sana wenye ugonjwa wa sukari. Si njia ya wavivu. Mwenye kupasuliwa anapokea kazi ya maisha yote: kula kwa utaratibu, kumeza vitamini, kupima damu.

Kisha akaja kwenye nywele. Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini. Kwa kawaida, katika nywele 10 za kichwa, 9 hivi ziko katika kuota na 1 iko katika kupumzika. Inapumzika miezi karibu 3, halafu inaanguka na mpya inachukua nafasi yake. Njo maana hata mtu mzima wa afya anapoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku bila kuona. Lakini mwili ukipata mshituko mkubwa, kama homa kali, kuzaa, kupasuliwa ao kukonda kwa haraka, nywele nyingi zinaingia katika kupumzika kwa pamoja. Miezi karibu 3 ikipita, zinaanguka kwa pamoja.

Munganga akaniuliza: “Baba Pasta, mwezi ile mushahara haitoke, unauza nini mbele? Unga ao rido?”

Nikajibu: “Unga.”

“Basi, mwili nayo iko vile vile. Protini ikikuwa kidogo, inapeleka yote ku moyo, ku damu, ku bidonda ya operasio. Nywele ni rido.”

Tukahesabu kwa vidole. Nywele zilianza kuanguka mwezi wa tano. Ukirudi nyuma miezi 3 unafika mwezi wa pili, mwezi wa operasio. Basi hakuna mtu aliyemloga mwezi wa tano. Jambo lilifanyika mwezi wa pili, juu ya meza ya waganga, na yeye mwenyewe alitia sahihi.

Munganga hakutupa ahadi za uongo. Alisema hata mtu anayekula protini vizuri anaweza kupoteza nywele miezi ile ya kwanza, kwa sababu operasio na kukonda kwa haraka vinatosha kuleta jambo hili. Mara nyingi linaanza mwezi wa 3 ao wa 4, linadumu miezi michache, kisha linakoma. Mizizi ya nywele haifi. Lakini kama protini ni kidogo, ao kama madini ya chuma na zinki yamepunguka katika mwili, nywele zinaanguka zaidi na shida inakawia. Na kama zinaanza kuanguka nyuma ya mwaka, ao hazikomi, usikae nyumbani ukibadilisha mafuta ya kichwa. Inapashwa kupima damu: chuma, vitamini B12, zinki, na tezi ya shingo.

Tulilijua jambo hili zamani

Usiku ule wa pili nilikaa kando ya kitanda chake, nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimesahau miaka karibu thelathini.

Katika miaka ya 1990 tulikuwa watoto mu kambi. Mushahara wa baba ulikaa miezi bila kutoka. Tulikula bukari na majani yaliyochemshwa bila mafuta, na siku nyingine bukari na chumvi. Tulikuwa na mtoto mdogo nyumbani, aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama alikuwa na mimba nyingine. Mtoto huyo alianza kuvimba miguu na uso. Alikataa kucheza. Nywele zake zikawa nyembamba na nyekundu-nyekundu, kama zile nyuzi za hindi. Ukizivuta kidogo zinatoka, wala halii.

Majirani walisema maneno yale yale: ni uchawi, ni mtu amemtazama vibaya. Lakini mama mmoja wa kanisa, mzee, hakusema kitu. Alimpeleka mama yetu na mtoto hospitalini. Walipotoka, alikuja nyumbani kumfundisha kupika uji wa unga wa mahindi, soya na karanga, kuponda maharagwe ya mtoto, na kumwekea yai la kuku badala ya kuliuza. Miezi ikapita, nywele nyeusi zikaota. Kwa wakati mmoja kichwa cha mtoto kilikuwa na rangi mbili. Mama alikuwa anatuonyesha kwa kidole: “Hapa ni wakati ya njaa. Hapa chakula ilirudia.”

Ugonjwa ule ni kwashiorkor. Jina hilo linatoka katika lugha ya Ga, kule Gold Coast ambayo leo inaitwa Ghana. Munganga mwanamke Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliandika habari zake mwaka 1933, na mwaka 1935 akatumia jina lile la wenyeji. Kwao ni ugonjwa unaomshika mtoto wakati mwenzake anakuja kumwondoa kwenye ziwa. Leo waganga wanasema ugonjwa huu hauletwi na upungufu wa protini peke yake, na mtoto mwenye dalili hizo anapashwa kupelekwa hospitalini, haitoshi kumpa yai. Lakini mama yule wa kanisa alikuwa na akili kunipita mimi. Alipoona nywele zimeharibika, aliangalia ndani ya sufuria kwanza.

Mmoja alipasuliwa kwa sababu ya mwili mkubwa kupita kiasi, mwingine alikuwa mtoto wa kambi aliyekosa. Nywele za wote wawili zilisema: hapa kuna kitu kimepunguka. Na mimi, niliyeyaona ya kwanza kwa macho yangu, sikuweza kuyasoma ya pili.

Gramu sitini

Tuliporudi nyumbani, Mama Pasta aliketi na mdogo wangu wakahesabu vile alivyokula kwetu tangu siku ya kwanza. Tuliona haya. Mgeni wa Ulaya, tena ndugu, tulitaka ajue amefika nyumbani. Asubuhi chai na mkate. Mchana tulimwekea bukari mbele, naye ili asituvunje moyo alikula matonge matatu na sombe kidogo. Kifuko kile kidogo kilijaa, na samaki akarudi mezani bila kuguswa. Gramu 100 za bukari zina protini gramu 2 ao 3 tu. Sombe ni nzuri, lakini kwa nafasi ndogo kama yake haitoshi peke yake.

Waganga wanamwagiza mtu aliyepasuliwa hivyo ale protini gramu 60 kwa siku kwa uchache, na wengi wanaambiwa kufika 80. Mama Pasta aliandika hesabu hii juu ya karatasi na kuibandika ukutani mwa jiko. Ni hesabu ya karibu, si ya mizani ya dhahabu:

Asubuhi: mayai 2, gramu 12.
Saa ine: kikombe cha maziwa, gramu 8.
Mchana: samaki aliyepikwa, kipande cha gramu 80, protini gramu 18.
Saa kumi: maharagwe yaliyopondwa, nusu kikombe, gramu 7.
Jioni: nyama ya kuku iliyokatwa ndogo-ndogo, gramu 60, protini gramu 16.
Mbele ya kulala: karanga zilizosagwa, vijiko vine vidogo, gramu 5.

Jumla ni gramu 66. Utaona hakuna kitu kigeni humo. Yote yanapatikana sokoni. Asiye na kuku anaweza kutumia samaki wadogo wakavu waliosagwa na kuchanganywa katika mchuzi, ao viwavi vikavu. Vyakula hivi viwili vina protini nyingi sana. Karanga zichague vizuri. Zile zenye ukungu ao uchungu zitupe, maana zina sumu inayoharibu ini.

Kuna amri nyingine ndogo ambazo mdogo wangu alipewa kule, nasi tukazishika. Protini inaliwa kwanza, bukari mwishoni kama kungali nafasi. Anatafuna polepole mpaka chakula kinakuwa laini. Hanywi maji wakati wa kula. Anangoja nusu saa, kisha anakunywa kidogo-kidogo siku nzima. Vitamini zake ni za kila siku mpaka mwisho wa maisha, hata siku anayojisikia vizuri. Mwanamke aliyepasuliwa anaagizwa asipate mimba mbele ya miezi 12 mpaka 18 kupita. Na akitapika bila kukoma, ao miguu ikifa ganzi, ao akianza kuchanganyikiwa, anapelekwa hospitalini siku ile ile.

Na kichwani? Mafuta, shampoo za bei kali na vidonge vya “kuotesha nywele” havijengi unywele pasipo chakula. Vidonge vya biotini vinamsaidia yule anayekosa biotini. Mwingine anapoteza pesa yake. Kusuka kwa kukaza kunang'oa na zile zilizobaki. Mama Pasta alimkata nywele fupi kwa makasi, wakacheka pamoja mara ya kwanza tangu alipofika.

Vijana wangu, munaosoma ukurasa huu na kutazama mwili wenu katika kioo, sikieni. Operasio hii haina ya mtu anayetaka tu kupendeza siku ya ndoa. Waganga wanagawanya kilo za mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa urefu. Mdogo wangu alikuwa na 48. Kwa miaka mingi, tangu 1991, kipimo cha waganga wengi kilikuwa 40, ao 35 kwa mwenye ugonjwa kama ule wa sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kipimo hicho, lakini bado ni kwa watu ambao uzito wao ni ugonjwa. Na wewe binti unayekaa siku mbili na chai tupu ili ukonde haraka, ujue: kukonda kwa haraka bila protini kunaangusha nywele hata bila kisu.

Yeriko

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa. Mdogo wangu alikuwa ameketi na akina mama, kitambaa kichwani, na alijua nitasema nini. Nilisema: “Wapendwa, nilimfungisha mtu asiyepaswa kufunga. Nilitumia jina la Mungu juu ya jambo ambalo sikuuliza. Ninaomba musamaha kwake na kwenu.” Kulikuwa kimya. Kisha yule mama aliyesema maneno ya ugonjwa wa Bulaya alisimama, akaenda kuketi kando yake. Hakusema kitu. Alimshika mkono.

Katika 2 Samweli sura ya 10 kuna habari ya wajumbe wa mfalme Daudi. Hanuni, mfalme wa Waamoni, aliwanyoa nusu ya ndevu na kuwakata nguo, wakajaa haya. Angalia vile Daudi alivyofanya. Hakuwauliza wamefanya dhambi gani. Hakuwaita mbele ya watu. Alituma watu kuwapokea njiani, akawaagiza wakae Yeriko mpaka ndevu ziote, ndipo warudi. Mfalme alijua kwamba nywele zina wakati wake, na mtu mwenye haya anahitaji mahali pa kungojea.

Sisi tumekuwa Yeriko ya nani? Mtu akikonda, akipoteza nywele, akifunga kitambaa, mlango wa kanisa unakuwa mahali pa kuhesabu magonjwa yake. Kama nyumba yetu ingekuwa Yeriko, mdogo wangu asingeficha operasio yake miezi mitano, na mimi nisingefika mahali pa kumwangusha.

Kwa wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa ninaongeza neno. Kufunga ni jambo jema, Bwana mwenyewe alifunga. Lakini kabla hujamwagiza mtu kufunga, muuliza: unakunywa dawa gani? Umepasuliwa? Uko na mimba, ao unanyonyesha? Uko na ugonjwa wa sukari? Mtu wa namna hiyo azungumze na munganga wake kwanza. Anaweza kuomba pamoja nasi bila kuacha sahani yake. Afunge maneno ya bure, afunge simu. Kumbuka Eliya chini ya mti, katika 1 Wafalme 19, alipochoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumletea kwanza maagizo. Alimletea mkate na maji, mara mbili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Na binti wa Yairo alipofufuka, Bwana Yesu aliagiza apewe chakula. Aliyeweza kufufua hakuona haya kusema juu ya sahani.

Mdogo wangu alirudi Ubelgiji mwisho wa mwezi wa nane. Kule walipima damu, wakaona chuma kilikuwa chini, wakamwongezea. Mwezi wa kumi alisema nywele zimeacha kubaki juu ya mto. Mwezi wa kumi na mbili alinitumia picha kwa simu. Hakuwa na kitambaa. Kuzunguka uso kulikuwa nywele fupi, laini, zinasimama kama za mtoto mchanga. Unywele unaota karibu sentimetre 1 kwa mwezi, basi nikahesabu tena kwa vidole, nyuma, mpaka nikafika mwezi wa nane, kwenye meza yetu, mayai mawili na samaki mbele ya bukari.

Chini ya picha aliandika: “Yaya, chakula ilirudia.”

Ndugu msomaji, leo jioni, sufuria ikishuka motoni, angalia nani katika nyumba anapewa bukari na mchuzi tu, na nani anapewa kipande cha samaki. Mara nyingi baba anapata nyama, na mtoto ao mama mwenye mimba anapata mchuzi. Anza hapo. Halafu tuombe pamoja.

Bwana awabariki katika nyumba zenu zote.